Niliisifia Muvi Nisiyoitazama, Posa ya Watu Ikaingia Nyongo

Jamani, kosa ni langu. Sisingizii shetani, sisingizii umeme, simsingizii mtu. Mdomo ni wangu, na mdomo huu ndio ulionipeleka nilikopelekwa. Jina langu niacheni nalo, maana hapa Mtendeni, Tabora, wanaonijua wameshanicheka vya kutosha!

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni, sare za harusi, na mapazia mtu akinibembeleza. Lakini ugonjwa wangu ni muvi. Natazama chochote: Kihindi, Kikorea, Kinaijeria, za kwetu za Dar, za kizungu zilizotafsiriwa. Naweka simu juu ya meza ya cherehani, mguu unakanyaga, jicho liko kwenye muvi.

Muvi zangu nilikuwa nawekewa kwenye flashi na kijana mmoja mwenye banda la muvi hapo jirani. Nitamwita Masudi. Mrefu, mpole, akicheka anainama kama anatafuta kitu chini. Nadhani mmeshanielewa. Flashi yangu ilikuwa inajaa haraka kuliko za wenzangu wote!

Kila nikirudi, Masudi ananiuliza, "Fundi, ile vipi?" Nami namwaga.

"Ile ya Kikorea? Kaka Masudi, wanapendana vizuri, lakini wanatazamana mno! Wameanza kutazamana nimebandika wali, wali umeungua, bado wanatazamana. Mtu si aseme tu anampenda tukale?"

"Na ya Kihindi?"

"Hiyo usiiguse, hiyo ni yangu! Jamaa mzee ana kitambi, kapiga teke moja, gari limeruka juu ya msikiti. Najua ni uongo. Nilisimama nikapiga vigelegele peke yangu."

Ya Kinaijeria nikamwambia nusu nzima ni geti kufunguliwa na kufungwa, ila yule mama mwenye wigi jekundu akigomba, unatamani akugombeze na wewe. Ya Dar nikamwambia sitaki kuiona tena, mgonjwa yuko mahututi, ana kope za bandia na midomo inang'aa. Daktari analia kuliko ndugu! Halafu kulikuwa na moja ya kizungu, mtu yuko angani peke yake anaongea na mtambo mwanzo mpaka mwisho. Hakuna ngumi, hakuna mapenzi. Nililia jamani. Mpaka leo sijui nililia nini. Nilikwenda kumpigia shangazi yangu simu, nikamwambia nimemkumbuka tu.

Masudi akainama akacheka, akasema, "Hayo maneno rekodi. Niwatupie wateja kwenye grupu."

Basi hapo ndipo kichwa kilipovimba. Sauti yangu ikawa inasikika Mtendeni nzima. Watu wanakwenda bandani wanasema, "Niwekee ile aliyolia fundi." Nikipita sokoni, "Fundi, leo tutazame nini?" Wanawake wenye heshima zao wananisimamisha kuuliza kama mume wa kwenye muvi fulani atarudi. Uwiii, nilitembea kama nimebeba taji!

Sasa ikaja muvi moja mpya, nami nina sare za harusi mbili za kumaliza. Masudi akanitumia picha ya jalada lake: bibi harusi kavaa shela jeupe, kaegemewa na mama wa makamo anacheka, keki pembeni. Akaniandikia, "Wateja wanaulizia. Umeshaitazama?"

Jibu lilikuwa neno moja tu. Sijaitazama. Hivyo tu! Lakini mimi mwenye taji, niseme sijaitazama?

Nikarekodi. "Wapendwa, hii ni ya kifamilia. Ni ya ukwe na upendo. Itazameni na wakwe zenu, wazee waitazame, watoto waitazame. Mimi imenigusa!"

Imenigusa. Mungu anisamehe. Iliyonigusa siku ile ni sindano.

Wiki ileile kwa kina Masudi kulikuwa na ugeni. Mdogo wake, Zuhura, amechumbiwa, na upande wa mwanamume walikuwa wanatoka Urambo kuja kukamilisha maneno ya posa. Mama yake Masudi akanialika nikasaidie kupokea wageni. Nilijua kwa nini ameniita, na yeye alijua kwamba najua. Nilivaa dera jipya, nikajifukiza udi mpaka paka wa pale nyumbani akanikimbia.

Aliyeongoza wageni ni mama wa bwana harusi. Mama mmoja mnene, mkulima wa tumbaku, ana sauti ya kuitia watu ng'ambo ya shamba. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba moja akatugawia wote. Pilau ikaliwa. Maneno yakaenda vizuri. Mama wa Urambo akaanza hata kumwita Zuhura "mkwe wangu." Wanaume wakatoka kwenda kuswali alasiri, Masudi akabaki kidogo kutuwashia televisheni.

"Akina mama, wakati mnapumzika, nawawekea ile aliyoisifia fundi wetu. Ya wakwe."

Mama wa Urambo akanigeukia akatabasamu. "Ndiye wewe? Sauti yako imefika mpaka kwetu." Nusura nipae!

Muvi ikaanza. Ngoma, nyimbo, watu wanarusha maua. Mama wa Urambo anapiga makofi. Nami nikajiegemeza ukutani nikatikisa kichwa kama mtu anayeijua. Bibi harusi akapelekwa chumbani na mama mkwe wake, wawili tu. Mama mkwe akamfunua shela taratibu, akamwambia, "Mwanangu, karibu nyumbani."

Bibi harusi akafungua mdomo. Ukafunguka. Ukaendelea kufunguka! Ulimi ukatoka mrefu kama mkanda wa mashine ya kusaga, ukamzungusha yule mama, ukamvuta, akamezwa mzimamzima pamoja na mkoba wake! Vikabaki viatu.

Na umeme ukakatika.

Jamani! Zuhura kashika mdomo wake kwa mikono miwili, kana kwamba ni yeye aliyemeza.

Mama wa Urambo akauliza polepole, "Hiki ndicho mlichotuitia?"

Masudi akababaika. "Samahani mama, mimi sijaiona, lakini fundi aliitazama..."

Macho yote kwangu. Hapo nilikuwa bado na nafasi ya kusema kweli. Wenzangu, nilifanya nini?

"Inaishia vizuri," nikasema. "Ina funzo."

"Funzo gani?"

"La... uvumilivu."

Mama wa Urambo akanitazama. "Avumilie nani? Aliyemezwa?"

Akasimama. Wenzake wakasimama. Wanaume walivyorudi kutoka msikitini wakakuta wageni wanavaa viatu. Akawaambia hawezi kufunga maneno ya mwanawe na nyumba inayomwonyesha mkwe namna atakavyoliwa, wampe muda afikiri. Wakaondoka. Zuhura akaingia ndani, tukasikia kilio chake mpaka uani.

Uani ndipo Masudi aliponifuata.

"Ile muvi uliitazama?"

"Niliitazama."

"Aliyemezwa anaitwa nani?"

Nikatazama kuku.

"Kumbe," akasema. Hakupiga kelele, laiti angepiga! "Nilikuwa napenda unavyosema. Wote wananiambia muvi ni kali, kali, kali. Wewe peke yako ulikuwa unaniambia kweli."

Akanitoa kwenye grupu. Nikawa natuma watu kwenda bandani, mwenyewe nikipita pale nazunguka nyuma. Na Mtendeni ilivyo, habari ikanitangulia. Wateja wangu wakija kupima wananiambia, "Fundi, nguo yangu iko tayari, au nipate funzo la uvumilivu?" Nilicheka nao, lakini nikibaki peke yangu nilitamani nijikunje niingie ndani ya cherehani. Zuhura, ambaye gauni lake la posa nililishona mwenyewe, akawa hanisalimii.

Hilo la Zuhura ndilo lililonishinda. Asubuhi moja nikafunga mlango, nikanunua asali, nikapanda basi la Urambo. Sikumwambia mtu.

Nilimkuta mama wa Urambo nyuma ya nyumba yake anapanga majani ya tumbaku. Nikapiga goti palepale kwenye vumbi.

"Mwangaluka, mayu." Nilijaribu kumwamkia kwa Kinyamwezi changu cha kuokoteza, labda kitamlainisha.

"Marahaba. Umekuja kunimeza?"

Nikamweleza yote. Kwamba Masudi hana kosa, Zuhura hana kosa, mama yao hana kosa. Kwamba niliona picha tu nikasema. Kwamba lile funzo nililiokota hewani. Nilisema huku nalia na kamasi, dera langu lote vumbi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaweka majani chini, akafuta mikono, akanisogelea.

"Sasa niambie. Yule mama alitoka?"

"Alitoka wapi, mama?"

"Tumboni! Tangu nimetoka kwenu silali vizuri. Kila nikifumba macho naviona vile viatu. Alitoka, hakutoka?"

Jamani, tamaa iliyonijia! Nilikuwa na jibu tayari ulimini. Alitoka mama, wakakumbatiana, wakaishi kwa raha! Nani angejua? Nikaung'ata ulimi kweli kweli, mpaka nikasikia ladha ya damu.

"Sijui, mama. Sijaiona."

"Umetoka Tabora mpaka hapa kuja kuniambia hujui?"

"Ndiyo, mama."

Akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka akashikilia ukuta. "Mpigie huyo kijana. Mwambie aje nayo, la sivyo sitasema neno juu ya dada yake."

Masudi alifika alasiri na kompyuta yake kwapani, uso umekunjamana, akanisalimia kama mtu anayesalimia karani. Tukakaa wote sebuleni, nyumba nzima, majirani dirishani. Ikawekwa kuanzia vile viatu.

Na sasa sikilizeni maoni yangu, safari hii ya mtu aliyetazama kwa macho yake mawili! Yule mama mkwe anaangukia tumboni, anawasha tochi ya simu, anakuta mama wakwe wengine wamejaa mle ndani. Kila mmoja na mkoba wake! Wanasalimiana, wanaulizana habari za watoto. Halafu wanaanza kugomba. Wanamgombeza bibi harusi kutoka ndani: kaa vizuri, kula taratibu, umeamka saa ngapi wewe! Lile jini lililojifanya bibi harusi haliwezi kulala, haliwezi kula. Mwisho linapiga magoti na kuwatapika mmoja mmoja, na wa mwisho anagoma kutoka mpaka liombe radhi!

Mama wa Urambo alikuwa amesimama juu ya mkeka anarusha kanga. "Hao ndio wanawake! Hao ndio wakwe!" Majirani vigelegele. Nami nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikamwona Masudi naye ameinama anatafuta kitu chini.

Muvi ilikuwa nzuri jamani. Ilikuwa ya kifamilia kweli! Niliyoyasema yote yalikuwa sawa, na bado nilikuwa mwongo, kwa sababu nilibahatisha.

Posa ikarudi. Zuhura ameshaolewa, na mama mkwe wake akimpigia simu anaanza na, "Hujambo, jini langu?"

Lakini Masudi hakunirudisha haraka. Kwenye basi la kurudi alikaa siti ya mbele. Zikapita siku nyingi, nashona, natazama ukuta. Halafu siku moja akaja dukani kwangu mchana, akaweka flashi mezani. "Tazama hii. Yote. Kisha uniambie."

Niliitazama mwanzo mpaka mwisho, nikaitazama tena. Ilichezwa na vijana wa hapahapa Tabora, ya majambazi. Na jambazi wa pili ni nani? Masudi! Kavaa miwani myeusi! Sikuwahi kujua kama ameigiza.

Nikaenda bandani. Angeniuliza mwezi mmoja nyuma ningemwambia amewashinda wote.

"Ni mbaya," nikamwambia. "Sauti haisikiki, kila jambazi anajitambulisha. Na wewe ndiye mbaya kuliko wote. Umepigwa risasi, ukageuka kwanza kutafuta pasipo na tope ndipo ukaanguka. Umeshakufa, unajikuna."

Nikajua nimemaliza kila kitu.

Akainama. Akainama zaidi. Akashika meza, akacheka mpaka wateja wakaja kuchungulia. "Mama alilia nilivyokufa," akasema akifuta machozi. "Mtaa mzima uliniambia nimeua. Wewe tu!" Kisha akaanza kupangapanga flashi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Fundi. Mzee wako Ijumaa anakuwepo nyumbani?"

Yupo! Nilisema yupo kabla hajamaliza kuuliza!

Wenzangu mnaonisoma, msije mkadhani kwa kuwa mimi nimeangukia pazuri basi na nyie mjaribu. Nilimliza binti wa watu siku ya furaha yake, na nilimwangusha mtu aliyeniamini mbele ya mama yake. Ukiulizwa muvi, ukiulizwa mchumba wa mtu, ukiulizwa dawa, ukiulizwa habari za jirani, na wewe hujaona, sema hujaona. Sijaiona. Ni neno dogo. Lisemeni kwa sauti hapo mlipo, muone kama kuna atakayekufa!