Zaituni Alivyoniitikia

Nimekulia Shelui, kando ya barabara kuu, ambako malori hayamruhusu mtu kuongea polepole. Sauti yangu mimi sijui niliisahau wapi. Mwaka huu nimeanza chuo hapa Singida mjini, na mwalimu wetu wa takwimu huita majina bila kuinua macho. Siku ya kwanza aliita "Debora" mara tatu, nikaitika mara tatu, hakunisikia. Zaituni, mwenzangu wa chumba, akachoka. "Nipo!" akaitika yeye. Zaituni ni wa Itigi, kwenye stesheni ya treni, ana sauti ya kuita mtu aliye behewa la mwisho.

Tangu hapo kazi ya kuitika ikawa yake. Mimi nilikaa pembeni yake kimya, nikaona mambo yamekwisha.

Wiki iliyopita akaugua malaria. Jina langu likaitwa, nikaitika kwa ile sauti yangu ya kifaranga, nikaandikwa sipo. Chuoni kwetu ukikosa vipindi, mtihani hufanyi. Nikajikaza, nikaenda ofisini kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi ni Debora. Nilikuwepo darasani."

"Marahaba," akajibu, akavua miwani. "Binti, sauti ya Debora naijua. Wewe umetumwa. Kamwambie aje mwenyewe, sasa hivi."

Kitambulisho chenye picha yangu kilikuwa mkononi. Lakini kubishana na mtu mzima sijafundishwa.

"Sawa, mwalimu," nikasema, nikatoka mbio kwenda kumwita.