Uji wa Wifi Kitandani kwa Ursula

Ursula wa Kamunyonge alizaliwa na shaka kama wengine wanavyozaliwa na mwanya. Akinunua mkaa, anamwaga gunia zima aone cha chini. Akisalimiwa kwa uchangamfu, anajiuliza anatakiwa nini. "Kikulacho ki nguoni mwako," alipenda kusema, na aliyekuwa karibu naye kuliko wote ni wifi yake Boke, mke wa kaka yake.

Boke ndiye aliyemletea samaki aina ya sato kutoka kisiwa cha Rukuba. Ursula alipokuwa akiwapara magamba, mwiba wa pezi ukamchoma kidoleni. Hakuosha kwa sabuni. Alifunga kitambaa cha jikoni, akaendelea na kazi. Kesho yake kiganja kilivimba, homa ikamtetemesha mpaka kitanda kikalia. Kwake jambo lilikuwa wazi: samaki wale walitiwa dawa. Alikataa katakata kwenda hospitali na Boke, akidai anapelekwa kumaliziwa. Boke hakubishana. Alisubiri nguvu zimwishie, akampakia kwenye bajaji.

Huko hospitalini wauguzi walipomtoa damu mikono yote miwili, alinong'ona kwamba wanakwenda kuiuza. Baadaye daktari akamweleza kuwa ile damu iliwekwa maabara ili vijidudu vilivyomo viote, wakaona bakteria waitwao streptokokasi. Waliingilia kidondani, wakasambaa kwenye damu, na angechelewa kidogo angezikwa.

"Walitumwa na nani?" Ursula aliuliza.

"Hawatumwi, mama. Wengine hukaa kwenye samaki, wengine kwenye koo na ngozi zetu wenyewe. Wakipata kidonda, wanaingia."

Ursula hakusadiki. Wakati penisilini ikiendelea kumwingia mshipani, Boke alikuja kila asubuhi na chupa ya uji, na kila asubuhi Ursula alimtaka aonje kwanza, kama mpika pombe mbele ya wageni. Wodi nzima ilicheka. Boke alionja, akafuta mdomo, kisha akamnywesha.

Homa ikashuka, mkono ukanywea. Asubuhi moja Ursula aliamka akamkuta Boke amesinzia sakafuni, miguu imejaa vumbi la njiani. Aibu ikamshika, aibu ya kweli, ya kumkausha mate.

"Wifi, leo usionje," Ursula alimwambia Boke alipoamka na kufungua chupa. "Nipe tu."

Boke alikuwa ameshamimina kwenye kifuniko. Akapiga funda moja bila kumtazama.

"Acha nionje, wifi. Si ndivyo tunavyofanyaga?"

Ursula akapokea kifuniko. Uji ulikuwa mtamu, na ulimshinda kumeza.