Bwawa Nililomwahidi Binti Yangu

Mwishoni mwa miaka ya tisini, binti yetu alipotimiza miaka saba, nilikwenda Kwale kwa kadhi kumdai. Tangu talaka alikuwa akikaa na mama yake Majoreni, nami nilikwenda kumwona kila nilipokumbuka, yaani sikukuu mbili kwa mwaka. Lakini mwenzangu mmoja kazini aliniambia kwamba mtoto akifika umri wa kupambanua mambo huulizwa mwenyewe anataka kukaa na nani. Nikajiona nimeshashinda. Nani asingenichagua mimi? Nilikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja ya Galu, nafunga tai ya kipepeo, na najua kukaribisha watu chakulani kwa Kijerumani na Kiitaliano.

Hata hivyo sikutaka kubahatisha. Wiki moja kabla ya kesi nilikwenda Majoreni, nikamweka binti yangu kando, nikamsimulia habari za bwawa la kuogelea la hotelini kwetu. Maji yake hayana chumvi, nikamwambia, na kuna mtelezo unaokutumbukiza katikati.

"Nami nitaingia?" akauliza.

"Kila siku. Lakini usimwambie mtu. Ukiulizwa kwa nini wamtaka baba, sema, 'Basi tu.'"

Bwawa lile lilikuwa la wageni. Mfanyakazi akionekana karibu nalo bila sinia mkononi, aliulizwa kama amepotea njia. Nilijua hivyo vizuri, ila nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya baadaye.

Siku ya kesi nilivaa koti la kuazima ambalo mikono yake iliishia karibu na viwiko. Mtalaka wangu alitoa salamu, akaketi. Mimi nilikuwa na hotuba.

"Sheikh, mimi kama baba mzazi, mlezi, na mwangalizi wa masomo ya mtoto huyu..."

"Yuko darasa la ngapi?" kadhi akanikatiza.

"La pili."

"La kwanza," binti yangu akanisahihisha kwa upole.

Kadhi akamgeukia yeye. "Haya, mjukuu wangu, wataka kukaa na nani?"

"Na baba."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Mama yake alivuta ncha ya mtandio, akajiziba mdomo. Mimi nilitabasamu. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilitabasamu. Kadhi alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema nimchukue kwanza kwa likizo ya shule iliyokuwa ikianza, halafu turudi kwake sote watatu.

Asubuhi ya kwanza katika chumba changu cha Ukunda, binti yangu alitoka amejifunga kipande cha kanga kifuani. "Niko tayari," akasema. Nikamwambia wanabadilisha maji. Kesho yake nikamwambia wametia dawa. Siku ya tatu nikasema bwawa limeharibika.

"Bwawa huharibika vipi?"

Siku ya nne nilimpeleka ufukweni Galu, nikamwonyesha maji kwa mkono mzima, kama mtu aliyeyachimba mwenyewe. Aliyatazama, akanitazama.

"Baba, hii ni bahari."

"Ndiyo, mwanangu."

"Bahari hata Majoreni iko."

Nikiwa kazini nilimwacha kwa jirani, mama mmoja wa bara aliyekuwa akisafisha vyumba katika hoteli nyingine. Alasiri moja niliporudi, mama yule alinisubiri mlangoni.

"Wewe, huyu mtoto ameniuliza kama bwawa lenu limepona. Nimemwambia sisi wafanyakazi haturuhusiwi kuogelea huko. Kwani ulimdanganya?"

Binti yangu alikuwa ameketi kitandani, viatu miguuni. Hakulia.

"Nilimwambia kadhi uongo?" akauliza.

"Hapana. Uongo ni wangu mimi."

"Mama alikasirika siku ile?"

Siku ile sikuwa nimemwangalia mama yake isipokuwa kuona kama ameshindwa.

Jumatatu, siku yangu ya mapumziko, nilimrudisha Majoreni kabla likizo haijaisha. Njiani nilitunga maneno ya heshima kuhusu masilahi ya mtoto. Nilipofika kwa mtalaka wangu yote yalinipotea, nikamweleza mambo kama yalivyokuwa.

"Nilijua," akasema. "Wiki nzima kabla ya kesi alikuwa akijitumbukiza kwenye karai la kufulia. Nikamuuliza, akasema anafanya mazoezi."

"Mbona hukumwambia kadhi?"

"Nimwambie mbele ya mtoto kwamba babake ni mwongo? Ningekuwa nimempa nini?"

Tuliporudi kwa kadhi niliungama mwenyewe, safari hii bila koti. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, jambo lililoniumiza zaidi. Akaamua mtoto akae na mama yake, nami niende kumwona kila Jumatatu.

Nikaenda. Jumatatu ya kwanza binti yangu hakutoka ndani. Ya pili alitoka, akanisalimu shikamoo, akarudi. Nilikaa barazani na babu yake mzaa mama, aliyekuwa akinieleza kwa kirefu makosa ya wanaume wa siku hizi bila kunitaja. Jumatatu ya tano binti yangu alikuja na daftari, akaketi mbali kidogo nami.

"Unajua hesabu za kutoa?" akauliza.

Nikasema najua. Akanitazama, kisha akaamua kumuuliza babu yake.