Niliandika Karamu

Tiing! Mlio huo wa kompyuta bado uko masikioni mwangu. Nikiusikia popote, hata kwa jirani, moyo unanilipuka paa! Jamani, mimi ndiye mkosaji. Sina wa kumsingizia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi ya kompyuta ya miezi mitatu hapa Kakamega mjini. Basi nikajiona injinia! Nilikuwanga natembea na disketi kwa mkoba kama wenzangu wanavyobeba lipstiki.

Senje, dada ya baba, anafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu upande wa Malinya. Majina yao, njia za kufika kwao, siku zao za dawa, vyote vilikuwa ndani ya kompyuta ya nyumbani kwake. Mgonjwa akikosa dawa, orodha inamwonyesha, naye anavaa gambuti anamfuata.

Siku moja umeme ulipotea ghafla. Uliporudi, programu ya majina ikakataa kuwaka. Programu hiyo ina akaunti yake yenyewe, inaingia kwa neno lake la siri kila kompyuta ikiwashwa, kama mfanyakazi na ufunguo wake. Sasa mashine ilidai neno hilo upya.

"Hiyo ni kazi ndogo, Senje! Neno ni lipi?"

"Karamu!" akajibu kutoka jikoni, anasonga obusuma, ugali wetu.

Nikaandika karamu. Tiing! Imekataa. Nikarudia. Tiing! Mara ya tano akaunti ikajifunga kabisa.

Badala ya kumwita Senje, nikaamua kuing'oa programu niiweke upya. Mashine ikaniuliza kwa Kiingereza kama nifute na data. Nikadhani ni takataka za programu. Nikabonyeza ndiyo. Ole wangu! Nilipomaliza, programu iliwaka vizuri sana, lakini ndani hakukuwa na mtu hata mmoja.

"Imepona?" Senje akauliza.

"Bado kidogo."

Hiyo "bado kidogo" niliisema wiki tatu! Nikisikia viatu vyake mlangoni, nilikuwa karibu kujikojolea.

Mwishowe nilipiga magoti. "Senje, nimefuta watu wako. Neno lako lilikataa. Niliandika karamu, ile ya arusi."

"Arusi gani?" Akachomoa peni kwenye nywele zake, akaitikisa mbele ya macho yangu. "Karamu! Ya kuandikia!"

Yaani kalamu! Sisi huku L na R ni mapacha, na mimi mwenyewe nazichanganyanga kila siku.

Hakunipiga. Aliuliza tu, "Na Nafula je?"

Nafula ni mmoja wa wagonjwa wake, mama wa rika langu, ana mtoto mchanga. Alikuwa ameacha dawa siku zilezile za "bado kidogo", na hakuna aliyejua kwamba anafaa kufuatwa. Tulipomfikia alikuwa anakohoa damu. Ameanzishwa dawa upya, toka mwanzo. Daktari hasemi lolote la kututuliza, na mimi naogopa hata kuuliza.

Dada zangu, kaka zangu, neno la siri mtu akuandikie, herufi kwa herufi. Na ukiharibu, sema siku hiyohiyo! Woga wako ukiuficha, unamla mwingine.

Jana nilikwenda kwa Nafula peke yangu. Alikuwa amelala. Sikumwamsha. Nilikuta nepi zimelowekwa kwenye beseni, nikazifua, nikazianika mojamoja kwenye waya, nikaondoka.