Aliyengoja Watoto Waamke

Habari ya kifo chake niliipata kwa simu, nikiwa Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, natafuta fundi wa friji. Wasomaji wangu hamkumjua. Alikuwa muuguzi wa dawa ya usingizi katika kliniki moja hapa mjini. Aliwalaza watoto wadogo ili watulie ndani ya mashine ya kupiga picha za kichwa. Nimeumia, na zaidi ya kuumia, nina hofu.

Tulikutana nilipompeleka mjukuu wangu, mtoto wa kike wa miaka mitatu aliyekuwa akishikwa na degedege. Tuliambiwa asubuhi hiyo asile kitu. Lakini nani angemweleza mke wangu kwamba mtoto atoke kwake na njaa? Mama mtoto alipoulizwa, akaapa hajala. Muuguzi hakubishana. Alichuchumaa, akamuuliza mtoto mwenyewe, "We mama, bibi alikupikia nini?"

"Uji ya maziwa!" mtoto akajibu kwa fahari.

"Basi leo apana. Akitapika mu usingizi, ile uji itaingia mu mapafu. Mutarudi kesho."

Nilifoka, nikamwambia tumetoka mbali. Akanitazama bila hasira. "Papa, unikasirikie tu. Mi nataka mutoto aamuke."

Kesho yake tulirudi, safari hii mlinzi wa jikoni nikiwa mimi, mtoto asionje kitu. Picha zilikwisha upesi. Baada ya hapo muuguzi alivuta kiti kando ya kitanda, akawa anatazama kifua cha mtoto na kile kibanio cha kidoleni kinachopima hewa mwilini. Foleni nje ilinung'unika, naye hakuinuka hadi mtoto alipoomba maji na kumwita mama yake.

Juzi kwenye matanga yake, mama mmoja alinisimulia kwamba mahali fulani mwanawe alipewa dawa ya maji ya usingizi, kisha aliyempa akaenda zake, mtoto akabaki amelala koridoni mapajani mwa mama huyo. "Walisema ni dawa kidogo tu," alisema. Maneno hayo yananitesa. Mji huu unasifu kliniki inayomaliza haraka, na sisi wazazi tunadanganya ili tusipoteze zamu.

Ukiulizwa mtoto amekula nini, sema ukweli, hata ukirudishwa nyumbani. Nawe uliza lako: nani atakaa naye mpaka aamke? Wakikuonyesha kiti kitupu, usiuachie mkono wa mwanao.