Kikao cha kuacha sigara kimepangwa siku ya mnada

Leo saa nne asubuhi Baba Kulwa wangu amepoteza miezi mitano bila sigara. Nimemkuta mnadani anavuta.

Alikuwa anasaidiwa na kikao cha zahanati, kila Jumatatu.
Mganga mfawidhi mpya akakihamishia siku ya mnada.
Mnada, jamani! Mfugaji gani wa Kishapu ataacha ng'ombe aje kukaa kwenye benchi?

Nimemfuata daktari huyo mpya ofisini kwake zahanati.
"Mama Kulwa, hawaji. Hawana nia. Nimekifuta."
"Na hiyo nyama choma ya mnadani mezani kwako, daktari, imekuja yenyewe?"
Wagonjwa wakacheka. Yeye akafunga mlango.

Mkorofi ni mimi?

Daktari, umo humu kwenye kundi na unasoma. Jumatatu kikao kipo au hakipo? Nijibu kabla ya saa kumi na mbili jioni.