Mabomba Ishirini na Matano

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti ofisi ya maji ya Garissa nikiwa na viatu vya kuazima na barua ya ajira iliyolowa jasho. Mhandisi wa Maji wa Mkoa, mtu mfupi mwenye sauti ya kujaza ukumbi, aliisoma mara moja kisha akaniangalia.

"Kijana, unataka kufika wapi katika kazi hii?"

"Nataka kufika hapo ulipokaa, mheshimiwa."

Makarani walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Yeye hakucheka. "Vizuri," akasema. "Lakini kwanza nenda Griftu ukaone maji yanatoka wapi."

Nilijiona nayajua maji. Nimezaliwa kando ya Tana, kwa wakulima wa migomba, na kwetu maji ni kitu cha kulalamikia kinapoingia shambani. Kumbe sikujua lolote. Kisima nilichopelekwa kilikuwa mbali nje ya Griftu, katikati ya ardhi nyekundu na miiba. Hiki si kisima cha kuchimba kwa sururu. Ni tundu jembamba, upana wa sahani, lililotobolewa kwa mtambo mpaka mita mia na hamsini chini. Ndani yake hushuka mabomba ya chuma yaliyoungwa moja kwa jingine, na la mwisho hubeba pampu inayofanya kazi ikiwa imezama. Fundi mkuu wa kituo aliwasha jenereta, akanishika mkono akauweka juu ya bomba lililochomwa na jua. Tukangoja. Likaanza kutetemeka, likapoa ghafla chini ya kiganja changu, na maji yakaruka birikani. Subhanallah! Nilipiga kelele kama mtoto, na sioni haya kulisema.

Kazi yetu ilikuwa ya kusikiliza. Kila asubuhi unashusha utepe wenye kengele mpaka ulie, ndipo unajua kima, yaani umbali wa maji kutoka juu. Unasikiliza jenereta kama mzazi anavyosikiliza kifua cha mtoto. Na unamsikiliza mzee wa zamu. Ofisi ilimiliki mashine, lakini foleni ya mifugo ilikuwa mikononi mwa Mzee Gedi, mfugaji mrefu, mkavu, ambaye ndiye aliyesema nani anywe leo na nani angoje kesho.

Nilianza naye vibaya. Fomu ya ofisi ilitaka idadi ya ngamia, basi nikasimama birikani nikawahesabu ngamia wake kwa kidole, tena kwa sauti. Alikuja akakifunika kidole changu kwa kiganja chake.

"Fundi, mali ya mtu haihesabiwi namna hii. Sema masha Allah, andika 'wengi'."

Nikaandika 'wengi'. Mhandisi alinifokea kwenye redio kwa ajili ya fomu ile, ila tangu siku hiyo wenyeji wakaanza kunisalimu.

Miaka ikaenda. Nilihamishiwa Mandera, nikatengeneza pampu ukingoni mwa mto Daua, kisha Dadaab, ambako malori ya maji yalipanga mstari tangu alfajiri. Nikapanda kutoka fundi msaidizi hadi fundi daraja la pili, nikarudishwa Griftu kama msimamizi wa kituo kilekile. Ile tamaa ya kukalia kiti cha Garissa haikupoa hata kidogo. Kwangu mtu aliyefaulu alikuwa mtu mwenye gari la ofisi na mlango unaobishwa.

Kisha, mwaka wa ukame mkali, barua ikafika. Nimeitwa Garissa kusailiwa kwa nafasi ya Msimamizi wa Maji, ngazi iliyo chini tu ya kiti cha mhandisi, Alhamisi saa tatu asubuhi. Mke wangu alikwisha kuchagua mapazia ya nyumba ya serikali. Jumatatu ya wiki hiyo pampu ikanyamaza.

Mota, iliyo huko chini pamoja na pampu, ilikuwa imeungua. Nyingine tulikuwa nayo stoo, lakini kuifunga kulitaka mabomba yote ishirini na matano yatolewe, na lori lenye winchi lilikuwa Mandera, gia zake zimemwagwa chini. Foleni ya mifugo ilifika mwisho wa macho. Maji mengine yalikuwa mwendo wa siku mbili, na wanyama wale hawakuwa na siku mbili miguuni. Nikampigia mhandisi kwenye redio.

"Wewe njoo usailiwe," akasema. "Lori likipona litakuja huko."

"Lini, mheshimiwa?"

"Wiki ijayo, inshallah."

Nikakata shauri kufanya yote mawili: nivute mabomba haraka, nidake gari la Garissa la Jumatano adhuhuri. Nikasimamisha miguu mitatu ya vyuma juu ya tundu na kufunga kapi, lakini nguvu ya kuvuta sikuwa nayo. Mzee Gedi akaleta awr wanne, madume yake ya kubeba mizigo.

"Zamani tulivuta maji na ngamia, fundi. Leo tunavuta chuma."

Wakavuta. Ngamia walitembea kwenda mbali, kamba ikakaza, bomba likapanda. Mimi nikalibana lililo chini yake kwa klampu, nikalifungua la juu, tukaanza upya. Klampu ikiteleza, mabomba yote yanadondoka shimoni na hakuna wa kuyarudisha. Sisi mafundi tunakuita huko kuzika kisima.

Jumanne tulitoa kumi na tisa. Jumatano asubuhi, kwenye la ishirini, jicho langu moja lilikuwa barabarani. Niliikaza nati nusunusu. Klampu ikateleza, vyuma vikalia, mabomba yakashuka kiasi cha mkono mmoja, kisha yakanasa kwenye kiungo. Mzee Gedi akanisogelea, wala hakuwa na hasira.

"Fundi, wewe uko hapa ama uko Garissa?"

Nilikwenda kwenye redio nikamwambia karani wa Garissa kwamba sitafika. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nina kazi. Kisha nikaenda nyuma ya jenereta nikalia, nikajifuta uso kwa shati, nikarudi kuikaza klampu.

Tulimaliza kuvuta, tukafunga mota mpya, tukashusha mpaka jua likazama, tukaendelea alfajiri. Alhamisi, saa tatu hivi, nikawasha. Yakatoka matope, yakatoka maji mekundu, kisha yakatoka maji.

Mzee Gedi aliita kwanza familia moja iliyofika jana yake na mbuzi wachache. Hakuna aliyewajua, hawakuwa wa ukoo wa pale. Kisha akawaita waliokaa na kiu siku nyingi zaidi. Awr wake, waliovuta siku tatu, akawaweka mwisho kabisa. Sikuvumilia.

"Mzee, hawa ndio waliokitoa chuma!"

"Hawa ni wangu," akasema. "Mwenye kupanga zamu, mali yake inakunywa mwisho."

Adhuhuri mmoja wao alipiga magoti kwenye foleni, hakuinuka tena. Mzee Gedi alimwekea mkono shingoni, akasema "Alhamdulillah", akarudi birikani kuita kundi linalofuata. Nimewaona wakubwa wakishuka kwa helikopta kufungua miradi. Hakuna niliyemwona mkubwa kweli isipokuwa mzee yule mwenye kikoi kilichotoboka.

Nafasi ile ilimwendea mwenzangu mmoja, mtu mzuri, akawa bosi wangu mpaka nilipostaafu nikiwa fundi daraja lilelile la pili. Siku ya kuniaga aliniuliza kama niliwahi kujuta.

"Nilijuta sana," nikamwambia, "hasa kila nilipoliona gari lako limefunga vioo, kiyoyozi kinapuliza."

Tulicheka, lakini nilikuwa nasema kweli. Mke wangu naye hakuyasahau yale mapazia. Sasa vijana wa vyuo hunitembelea hapa Garissa, huniuliza nilifaulu au sikufaulu, na mimi si mtu wa kuhubiri. Huwasimulia tu alichoniambia karani yule baadaye. Alhamisi ile wasaili walitoka mlangoni, kama utaratibu unavyotaka, wakaliita jina langu mara tatu, wakalikata kwa wino mwekundu. Saa hiyohiyo mbuzi wa mgeni tusiyemjua alikuwa ameinamisha kichwa birikani, anakunywa.